Mungu ni upendo, mbona anakasirika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha darasa la kipaimara usharikani kwetu, na Jumamosi jioni naongoza jumuiya. Maswali ya hapa chini ndiyo yanayojitokeza kila mwaka. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya watu, mengine hunong'onwa getini wakati wa kuagana, na hayo ya getini ndiyo mazito. Nanukuu Biblia ya Union ya 1952, kwanza kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, pili kwa sababu ina neno moja la Kiswahili cha zamani ambalo likieleweka, nusu ya maswali haya yanapungua uzito.

Kama Mungu ni upendo, hasira inatoka wapi?

Sisi tumekulia kwenye "hasira hasara". Mwenye hasira kwetu ni mtu aliyeshindwa kujizuia: amevunja sahani, ametukana, na kesho atatuma wazee wakamwombee radhi. Kwa hiyo tukisikia Mungu ana ghadhabu, tunamwona mzee aliyeamka vibaya, ambaye watoto wanapita nyuma ya nyumba ili wasikutane naye. Biblia nayo inaijua hasira ya aina hiyo na haina sifa kwake. Yakobo anasema wazi kwamba "hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu" (1:20).

Sasa mfikirie mama anayetoka sokoni, akamkuta mlevi anampiga mwanawe kando ya barabara. Akipita kimya na kikapu chake kichwani, hakuna atakayemsifu kwa upole. Watu watauliza kama kweli yule mtoto ni wake. Akitupa kikapu na nyanya zikamwagika, hapo ndipo tunayaona mapenzi yake. Hasira na mapenzi ndani ya mama yule ni kitu kimoja.

Chukua Amosi usome ni nini hasa kinachomkasirisha Mungu. Wameuza "maskini kwa jozi ya viatu" (2:6). Wanapunguza kipimo cha nafaka na kuchezea mizani (sura ya 8). Aliyewahi kununua kilo ya mchele ikafika nyumbani robo tatu hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini ghadhabu hiyo ni habari njema kwa mtu fulani. Mungu asiyekasirishwa na mizani ile angekuwa Mungu wa wenye maduka peke yao.

Kuna jambo lingine dogo ambalo watu hulipita. Yohana ameandika kwamba Mungu ni upendo (1 Yohana 4:8). Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu ni ghadhabu. Kabla dhambi haijaingia ulimwenguni upendo ulikuwapo, na hapakuwa na cha kughadhibikia. Na hata ghadhabu ikija inapimwa: "ghadhabu zake ni za kitambo kidogo tu" (Zaburi 30:5). Pale Union inaposema "si mwepesi wa hasira", Kiebrania kina maneno ya kuchekesha kidogo, kinasema ni "mrefu wa pua". Kwa Waebrania hasira ilikaa puani, palipo na pumzi za moto, na Mungu wao alikuwa na pua ndefu kiasi kwamba moto ulichelewa sana kutoka.

Mbona Mungu wa Agano la Kale ni mkali, na Yesu ni mpole?

Swali hili ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, alifika Roma akafundisha kwamba hawa ni Miungu wawili: mmoja wa hukumu aliyeumba dunia, mwingine wa upendo aliyemtuma Yesu. Akalitupa Agano la Kale lote, akabakiza Injili ya Luka aliyoikatakata na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144, na inasimuliwa kwamba lilimrudishia sadaka kubwa aliyokuwa ameitoa. (Sitauliza ni sharika ngapi leo zingeirudisha.)

Kilichomshinda Marcion ni kwamba maandiko hayakubali kugawanyika hivyo. Maneno ya huruma ambayo Biblia nzima inayarudia yako katika Kutoka 34:6, tena yanasemwa mara tu baada ya ndama ya dhahabu, watu wakiwa hawastahili kabisa. Yona alimkimbia Mungu wa Agano la Kale kwa sababu alimjua kuwa mpole mno. Alitaka Ninawi iteketee, na alipoona haiteketei akakasirika yeye. Upande wa pili, Marko 3:5 inasema Yesu aliwakazia macho watu wa sinagogi "kwa hasira, akiona huzuni kwa ajili ya ugumu wa mioyo yao". Hasira na huzuni katika mstari mmoja, mbele ya mtu aliyepooza mkono ambaye wenye dini walitaka asubiri mpaka Sabato iishe.

"Yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Kurudi gani huku?

Hili ndilo neno nililolitaja mwanzoni. Mwaka mmoja nilimwomba binti wa darasani aeleze Waebrania 12:6, akasema kwa kujiamini: "Maana yake Mungu akikupenda, hata ukimkimbia anakurudia." Darasa likapiga makofi. Nilitaka kumsahihisha, lakini nikaona nimwache amalize, kwa sababu hakuwa mbali na Hosea, nabii aliyeambiwa ampende tena mke aliyemwacha.

Ila siyo maana ya pale. Katika Kiswahili cha wazee, kumrudi mtu ni kumweka sawa aliyepotoka: kumkanya, kumfundisha adabu, na ikibidi kumtia uchungu ili anyooke. Tafsiri za karibuni zinatofautiana. Moja inasema Bwana "humwadhibu", nyingine "huwaadibisha". Herufi chache tu zinatofautiana, lakini umbali wake ni mkubwa. Adhabu inatazama nyuma, kwenye kosa, inataka lilipwe. Adabu inatazama mbele, kwenye mtu, inataka afike mahali. Neno la Kigiriki lililotumiwa, paideia, linatokana na neno la mtoto, na Wagiriki walilitumia kwa malezi yote, pamoja na kusoma na kuandika.

Nakiri kwamba mstari huohuo unaendelea, "naye humpiga kila mwana amkubaliye", na neno lake la Kigiriki ni la mjeledi. Mwandishi ananukuu Mithali 3:12 kutoka katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale. Ukifungua Mithali yenyewe, iliyotafsiriwa kutoka Kiebrania, hakuna kupigwa; kuna "kama vile baba mwanawe ampendezaye". Nawasomea wanafunzi yote mawili, kisha nawauliza barua hii iliandikiwa akina nani. Iliandikiwa watu walionyang'anywa mali zao kwa sababu ya imani (10:34). Hawakuwa wamekosa kitu. Uchungu waliokuwa nao ulitoka kwa watesi wao, na mwandishi anawaambia kwamba Baba anaweza kuutumia hata uchungu huo kuwalea.

Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akinitoa funza. Alikuwa akichukua pini, anaichoma kwanza kwenye moto wa koroboi, kisha anaubana mguu wangu katikati ya magoti yake kama anayechuna kuku. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nilimwambia simpendi na sitakuja tena kwake. Hakunijibu, alikuwa amekodolea macho kidole, anatafuta kile kifuko cheupe kitoke kizima, maana kikipasukia ndani ni balaa. Mpaka leo nikisoma "humrudi", naiona ile koroboi.

Nitajuaje kama ugonjwa wangu au msiba wangu ni adhabu?

Tuliwahi kuzika mtoto wa miezi saba. Mhubiri mgeni akapewa nafasi ya neno la faraja, akasema Mungu hafanyi jambo bila sababu, hivyo wazazi wajichunguze. Mama wa mtoto alikuwa mkekani, kanga imemfunika mpaka usoni, analia. Aliposikia hayo akanyamaza ghafla. Kunyamaza kule kuliniogopesha kuliko kilio. Wiki tatu baadaye akanisubiri getini: "Mwalimu, ni ile mimba niliyoitoa nikiwa sekondari?"

Nikamwambia hapana. Nilimjibu kabla sijafungua Biblia, lakini nilikuwa na sababu.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali lile lile mbele ya kipofu: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu kwamba si huyu wala wazazi wake (Yohana 9:3). Katika Luka 13 wanamletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa dhabihu, naye anaongeza ajali ya siku zile: mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Je, walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Hapana, anasema. Kisha anawageukia waliouliza, anawaambia watubu wao. Hakuwapa nafasi ya kuichungulia dhambi ya marehemu.

Na kuna Ayubu. Rafiki zake wanatumia sura nyingi kumthibitishia kwamba anaadhibiwa, kwa maneno mazuri ambayo ukiyakata vipande yanafaa kabisa mimbarini. Mwisho Mungu anamwambia Elifazi: "Hasira zangu zinawaka juu yako, na juu ya rafiki zako wawili" (42:7). Kwa hiyo waliokuwa wakiitabiri ghadhabu ya Mungu kwa mwenzao ndio iliyowaangukia.

Kuna mstari unaonibana, na sitaki kuuficha. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anawaambia watu waliokuwa wakila Meza ya Bwana huku maskini wao wanashinda na njaa kwamba ndiyo sababu wengine wao ni wagonjwa, na kadhaa wamekufa. Basi haiwezekani kusema kwamba Mungu kamwe hagusi mwili wa mtu kwa ajili ya dhambi. Lakini soma mpaka aya ya 32: "tuhukumiwapo, twarudiwa na Bwana, isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia." Angalia wafasiri wa Union walivyotenganisha, kurudiwa upande huu, adhabu upande ule. Hata katika mfano mkali kuliko yote, waumini wanarudiwa ili wasiadhibiwe. Zaidi ya hayo, Paulo analiambia kanisa zima lililokuwa likikosa hadharani. Hamwendei mjane mmoja kitandani kumpa kipimo cha ugonjwa wake.

Nchi yetu iliwahi kujifunza hili kwa gharama. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye mimbari nyingi zilikuwa na maelezo ya haraka: hii ni adhabu ya wazinzi. Kisha wakaanza kufa wake waliokuwa waaminifu na watoto waliozaliwa nao. Maelezo yakabaki bila pa kusimama, lakini watu walikuwa wameshajifunza kuficha ugonjwa na kutokwenda kanisani.

Dhamiri yako ikikushitaki kwa jambo unalolijua kwa jina, litubu, hilo halihitaji ugonjwa. Lakini kama inakubidi utafute dhambi kwa tochi, miaka ishirini nyuma, ili ilingane na msiba ulionao, acha kutafuta.

Je, laana ya ukoo siyo ghadhabu ya Mungu inayorithiwa?

Wanaouza maombi ya kukata mnyororo hutegemea Kutoka 20:5, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao". Mara nyingi hawafiki mwisho wa aya hiyo, ambako ghadhabu inaishia kizazi cha nne, wala aya ya 6, ambako rehema inakwenda kwa maelfu elfu. Na Ezekieli 18 ni sura nzima iliyoandikwa kuipinga methali iliyokuwa midomoni mwa watu, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Mungu anaapa kwamba methali hiyo isitumike tena.

Madhara ya dhambi yanarithiwa, hilo silikatai. Mtoto wa mlevi anarithi nyumba isiyo na amani na pengine shamba lililouzwa. Hilo linahitaji msaada, ushauri, na muda. Halihitaji bahasha.

Mbona wabaya wananawiri tu?

Asafu aliuliza hivyo katika Zaburi ya 73, kwa wivu ambao hakuona haya kuuandika. Petro anasema Mungu anavumilia kwa sababu hapendi mtu yeyote apotee (2 Petro 3:9). Sisi tunapenda kusema malipo ni hapa hapa duniani, na jirani aliyetudhulumu akipata ajali tunasema Mungu si Athumani. Huo ni uchungu wetu, na unaeleweka, ila tusiupake rangi ya unabii.

Paulo ana wazo la kutisha zaidi. Katika Warumi 1, ghadhabu ya Mungu inadhihirishwa, na ukisubiri radi huioni. Unachosikia mara tatu ni "Mungu aliwaacha": wafuate walichokitaka. C. H. Dodd, mwanazuoni wa Uingereza, aliandika mwaka 1932 kwamba ghadhabu kwa Paulo ni mwendo tu wa dhambi na matokeo yake, wala tusimfikirie Mungu kuwa anakasirika. Leon Morris wa Australia alimpinga. Mimi niko na Morris, kwa sababu "aliwaacha" ina mtendaji. Lakini Dodd amenisaidia kuona kwamba kuachwa ufanikiwe katika ubaya wako kunaweza kuwa ndiyo hukumu yenyewe.

Msalabani, Baba alimwadhibu Mwana asiye na kosa. Huo ni upendo?

Lingekuwa swali lisilo na jibu kama ule mfano wa mahubiri ungekuwa sahihi: hakimu anamwachilia mwizi, anamfunga mwanawe badala yake. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, huyo hakimu ashitakiwe." Ni kweli. Mfano una watu watatu na Mungu ni mmoja wao tu, amekaa kwenye kiti chake salama.

Paulo anasema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Yesu naye anasema uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Aliyekosewa ndiye aliyebeba gharama. Halafu tazama mpangilio: Kristo hakufa ili Baba aanze kutupenda. Alikufa kwa sababu tulishapendwa, "tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8).

Namna ya kueleza ilikuwaje, makanisa hayajawahi kukubaliana. Anselm wa Canterbury, mwaka 1098, aliieleza kama heshima ya Mungu iliyovunjwa na inayohitaji kutimiziwa. Warekebishaji wa karne ya 16 wakaileta kwenye lugha ya mahakama na adhabu. Waorthodoksi husisitiza zaidi kwamba Kristo ameishinda mauti. Mimi nimelelewa kwa maelezo ya pili na sijayaacha, ila nimejifunza kutoyahubiri bila la kwanza kabisa, kwamba Mungu aliupenda ulimwengu.

Na Jehanamu?

Kifupi tu. Neno ambalo Yesu alilitumia, Gehena, linatokana na bonde la Hinomu kando ya Yerusalemu, mahali ambapo watu waliwahi kuwachoma watoto wao kwa ajili ya miungu. Kuhusu bonde hilo Mungu alisema kwamba jambo lile hakuliagiza, "wala halikuingia moyoni mwangu" (Yeremia 7:31). Jina la hukumu kali kuliko zote limetoka mahali palipomuumiza Mungu kwa ajili ya watoto. Anayehubiri Jehanamu kwa kufurahia hajalisoma bonde.

Mithali inasema tutumie fimbo. Nikimpiga mtoto si ninamwiga Mungu?

Wengi wetu tulimjua Mungu kupitia mwalimu wa zamu. Tulichelewa namba, tukapanga mstari, tukanyoosha mikono, na Jumapili tukaambiwa Mungu anaona kila kitu. Ni kazi ngumu kuwatenganisha hao wawili baadaye.

Mithali 13:24 ipo, na "mchelea mwana kulia hulia yeye" ipo pia. Zote zinamkanya mzazi asiyejali. Lakini fimbo ya mchungaji ni ileile ambayo Daudi anasema "vyanifariji", na Paulo anapowaandikia akina baba anawakataza wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4). Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado vinaruhusiwa kwa masharti. Sheria tuwaachie wenye sheria. Ninachomuuliza mzazi ni kitu kimoja: ulipomaliza kumpiga, nani alikuwa amepata nafuu, mtoto au wewe? Waebrania 12:10 inasema wazazi wetu waliturudi "kama walivyoona vema wenyewe", yeye kwa faida yetu. Mwandishi mwenyewe ameona tofauti, tusijifananishe haraka.

Nimeirudia dhambi ileile. Mungu amenichoka?

"Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu" (Warumi 8:1). Ataweza kukurudi, na pengine itauma. Kukutupa ni neno jingine. Mika 7:18 inasema hashiki hasira yake milele, kwa maana yeye hufurahia rehema. Kufurahia ni neno la mtu anayefanya jambo kwa kupenda. Halisemwi juu ya mtu anayesukumwa.

Nimwambie nini aliyefiwa anaponiuliza kwa nini?

Mwambie pole. Kisha chota maji, osha masufuria, kaa mkekani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wakiona jinsi alivyoumia (2:13), na kwa siku hizo saba walikuwa wafariji wazuri kabisa. Makosa yao yanaanza sura ya nne, Elifazi anapofungua kinywa.